Ndege ya Gathogo na Minazi ya Bi Mwanakombo

Nimerudisha ufunguo wa kabati langu la spana, nimekaguliwa kama mgeni wa hoteli anayeshukiwa kuiba taulo, na sasa mnaniambia nikae kitako niwaandikie uzoefu wangu. Uzoefu ni neno zuri ambalo vijana huwapa wazee ili wasiulize kwa nini feni ya karakana bado haijatengenezwa. Basi nitaandika. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilinijia vikiwa vimechelewa, na mshahara sitautaja kwa sababu mke wangu naye anasoma.

Mimi ni mtu wa Msambweni, na spana ya kwanza niliishika Ramisi, katika kiwanda cha sukari, ambako baba yangu alikuwa fundi wa mitambo ya kukamulia miwa. Huko kitu kikikataa kufunguka kilipigwa nyundo, na kikizidi kukataa ililetwa nyundo kubwa zaidi. Kiwanda kilipofungwa nikaja Ukunda kutafuta kazi kwenye uwanja wa ndege, nyundo yangu mkononi. Fundi mkuu wa karakana alikuwa Mzee Mutiso, Mkamba wa Machakos, mtu wa sauti ndogo na masikio makubwa. Akaitazama nyundo, akanitazama mimi.

"Hiyo ni ya kufanya nini?"

"Ya kazi, mzee."

"Hapa ni ndege. Peleka nyumbani, halafu kuja na mikono tupu."

Nikarudi na mikono mitupu, na kwa muda mrefu nilichopewa kuijaza ni vitambaa vya kufutia mafuta. Mzee Mutiso alikuwa na desturi moja ambayo nyinyi mmeikuta na mnainung'unikia. Kila chombo kilichorwa umbo lake ukutani, na kabla ya kufunga kifuniko chochote cha ndege ilibidi kila spana na kila bisibisi iguswe kwa mkono na kutajwa kwa sauti, kama watoto wanaoitwa majina darasani. Mimi niliona ni mchezo. Siku moja bisibisi fupi haikuitika. Watalii walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao wakingoja kwenda mbugani, rubani alikuwa anatembea huku na huko akitazama saa, na Mzee Mutiso akakataza ndege isiondoke. Tulifungua kila tulichokuwa tumekifunga. Mwishowe bisibisi ilipatikana katika mfuko wa koti la Mzee Mutiso mwenyewe. Hakuona haya hata kidogo. Alisema tu, "Sasa iko. Ndege iende."

Somo lake la pili lilihusu vitabu vya ndege. Kila ndege ina kitabu kinachosema inahitaji mita ngapi ili iruke, inapaa futi ngapi kwa dakika, na mwendo gani ukipungua mabawa hayabebi tena. Mimi nilivisoma vitabu hivyo nikaviamini kama mtu anavyoamini hirizi. Mzee Mutiso akaniambia, "Hiyo iliandikwa na mtu ako na ndege mpya, rubani kijana, na asubuhi ya baridi. Wewe uko na ndege ya zamani, rubani wa kitambi, na jua ya Ukunda. Soma, halafu ongeza." Alipostaafu akarudi kwao Machakos, na mimi nikabaki na ukuta wake wa vyombo. Maneno yale sikuyatumia sawasawa mpaka alipokuja Bwana Gathogo.

Gathogo alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Ukunda, mtu wa Murang'a, mnene kiasi, mwenye kicheko cha kutingisha mabati aliyokuwa akiyauza. Alijifunza urubani akiwa mtu mzima tayari, baada ya watoto wake kumaliza shule, na akapata leseni yake. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Ghasia za kuwafukuza watu wa bara zilikuwa zimepita pwani yetu, wengi wao walikuwa wamefunga virago, na zile mvua kubwa zilikuwa zimemaliza kula barabara. Wakati wenzake wanapakia magodoro kwenye malori kwenda kwao, Gathogo alikuwa anapakua masanduku kutoka bandarini. Ndani ya masanduku mlikuwa na ndege vipande vipande, ya kuunganisha mwenyewe nyumbani.

Alikuja karakana kuniomba niwe nikimsimamia kazi siku zangu za mapumziko. Nikamwuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu aunde ndege wakati zipo zilizokwisha kuundwa. Kwa mara ya kwanza sikukisikia kicheko chake. Akasema, "Fundi, mimi nimeuzia hawa watu misumari ya nyumba zao zote. Na bado wananiuliza nitarudi lini kwetu. Nataka waone kitu nimejenga hapa, iruke hapa, irudi hapa." Nikakubali. Baadaye nilijiambia kuwa nilikubali kwa sababu ya ndege, lakini si kweli.

Niwaeleze ndege yenyewe, maana najua ndicho mnachongojea. Ilikuwa ya viti viwili ubavu kwa ubavu, bawa juu, kiunzi cha mabomba ya chuma, mabawa ya mbavu za mbao yaliyovikwa kitambaa. Injini ya silinda nne, nguvu farasi themanini, iliyokunywa petroli ya kawaida ya gari, lita kumi na tano hivi kwa saa. Matangi yalichukua lita sabini. Mabawa yalikunjika nyuma, ukaweza kuifunga kwenye lori na kuivuta barabarani. Kitabu chake kilisema tupu ina uzito wa kilo mia mbili sitini, na ikijazwa isizidi kilo mia tano. Ilisemekana itaruka kwa mita mia moja na kumi, itakwenda kilomita mia na sitini kwa saa, na itaendelea kuelea mpaka mwendo ushuke hadi sitini na tano.

Kitambaa cha mabawa hugundishwa kwa gamu, kisha hukazwa kwa joto la pasi. Nasema pasi hii hii ya kupigia nguo. Gathogo alichukua pasi ya mkewe, Mama Njeri, na kwa haraka zake akatoboa tundu la ukubwa wa sahani. Mama Njeri akaja kwenye banda la shambani kwao, tulimokuwa tukiiunda ndege, akalitazama tundu, akamnyang'anya pasi. Yule mama alikuwa na mkono usiokimbia. Alipima joto kwa kipimo nilichompa, akanyoosha bawa zima likawa limewambwa kama ngoma, na kuanzia siku ile hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa pasi.

"Nimepiga pasi mashati yake tangu tuoane," aliniambia. "Sikujua nilikuwa nafanya mazoezi."

Sasa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu wa Ukunda walianza kuja kuangalia, wakasifu, na Gathogo akaanza kuongeza. Viti vya turubai vikawa vya ngozi. Rangi ikapakwa mara mbili, kisha mara ya tatu. Ikaja redio ya kaseti yenye betri yake. Sakafuni likatandikwa zulia jekundu lililotoka katika hoteli moja iliyokuwa ikibadilisha samani. Propela ile ilikuwa ya aina ambayo unaweza kugeuza pembe ya mapanga yake ukiwa chini: pembe kali hukupa mbio huko angani, pembe laini hukupa nguvu ya kupaa. Gathogo aliweka kali, kwa sababu alikuwa amekwisha kutangaza dukani kwamba ndege yake itakwenda mia na themanini.

Kiwanja alikuwa anakisafisha katika shamba lake, katika skimu ya makazi, kando ya barabara ya Msambweni. Nilimwuliza kwa nini asiiweke ndege Ukunda penye lami. Akanijibu, "Mtu akijenga nyumba, analala kwa jirani?" Shamba lilimpa mita mia tatu za nyasi zilizoelekea kusini, na zaidi ya hapo halikuwa na pa kunyooka. Mwisho wake wa kusini, mbele kidogo, ilisimama minazi mitatu. Gathogo akamtuma mtu na msumeno.

Mtu na msumeno akarudi na msumeno. Alisema kuna bibi amekaa shinani na hataki kuondoka.

Tulikwenda wote wawili. Alikuwa Bi Mwanakombo, Mdigo wa pale pale, mama mwembamba aliyejifunga leso mbili, amenyoosha miguu yake kwa raha kama aliye barazani kwake. Nyuma yake alisimama Ndoro, mkwezi wake wa nazi, na kamba yake ya kukwelea begani.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie huyu bwana akae, amesimama kama anadai."

Gathogo hakukaa. "Mama, hii shamba ni yangu. Niko na hati."

"Shamba ni lako, babangu. Nani amekataa? Minazi ndiyo yangu."

"Sasa minazi ni yako namna gani na iko ndani ya shamba yangu? Hiyo ni sheria gani?"

Bi Mwanakombo akamtazama kwa huruma. "Ulipokuwa ukinunua, hukutazama juu?"

Gathogo alinigeukia akisema huu ni wizi mtupu, na mimi ikanibidi nimweleze jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua na hakuna mtu wa bara anayefikiri kuliuliza. Huku kwetu ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mtu anaweza kuuza mchanga akabakisha minazi yake, akaja kuangua nazi miaka na miaka, na mwenye shamba akamsalimia na kumpisha. Hati ya Gathogo haikuitaja minazi kwa sababu aliyeiandika alikuwa Nairobi, na huko hakuna aliyewahi kulala njaa kwa kukosa nazi. Gathogo akasikiliza. Kisha akasema atailipia minazi, ataje anachotaka.

"Si ya kuuza," akasema yule mama, na sasa hakuwa na mzaha. "Babangu alituachia shamba na minazi. Ndugu zangu wameuza mchanga wote, kila mmoja kipande chake, wakaenda zao. Mimi nilibakiza hii mitatu. Mnazi huu ukianguka, nitakuja hapa kama nani?"

Gathogo, nampa sifa yake, hakuitaja hati tena. Alikaa chini kwenye nyasi. Nadhani alikuwa amelitambua swali lile, maana lake mwenyewe halikuwa mbali nalo.

"Sasa nitafanya aje?" akauliza.

"Pita juu," akasema Bi Mwanakombo, mzaha ukarudi. "Juu ni kwa Mungu, sikudai kitu. Lakini ukigusa kuti langu hata moja, tutaonana kwa mzee wa mtaa. Kunguru anaivuka minazi hii kila siku, na tumbo limejaa samaki wa kuiba."

Ndoro akaukwea ule wa katikati, mrefu kuliko wenzake, akateremsha kamba kutoka juu kabisa ya makuti. Tulipoipima ilikuwa mita ishirini na mbili. Kitabu cha ndege kilieleza jinsi ya kuvuka kizuizi cha mita kumi na tano. Nilipomwambia hivyo Bi Mwanakombo, alitaka kujua kitabu hicho kilipima minazi ya wapi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua ndege ina uzito gani hasa. Mizani ya ndege hatukuwa nayo, nikaazima mizani mitatu ya kupimia korosho kwa mnunuzi mmoja Msambweni, mmoja kwa kila gurudumu. Mizani ya korosho, kama mjuavyo, ina sifa zake. Ili kuijaribu, Gathogo alileta mfuko wa saruji wa kilo hamsini kutoka dukani kwake. Mizani ikasema arobaini na saba. Tukaupandisha kwenye mzani wa pili: arobaini na saba. Wa tatu hivyo hivyo. Gathogo akasema mizani ni ya mwizi. Nikaleta dumu la lita ishirini la maji, maana maji hayana duka, lita moja kilo moja. Ukiondoa uzito wa dumu, mizani yote mitatu ikasema ishirini kamili. Gathogo akautazama ule mfuko wa saruji, akasema lazima umetoboka mahali.

Tuliipandisha ndege. Kitabu kilisema mia mbili sitini. Mizani ikasema mia mbili tisini na saba. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini hawakuwahi kumtia ng'ombe zulia na redio ya kaseti. Nilipiga hesabu mbele yake: Gathogo kilo tisini na mbili, petroli ya matangi yaliyojaa kama hamsini, zinabaki sitini na moja kwa abiria. Mama Njeri, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kuwa yeye hajaomba kwenda popote, na kwamba atakayemwonyesha ile mizani atampiga nayo.

Mkaguzi wa ndege wa serikali akaja, akakagua, akaridhika. Tukaikunja mabawa na kuivuta kwa lori mpaka Ukunda, maana sikukubali ijaribiwe kwanza mahali penye mnazi mbele. Iliruka. Sitawaficha, nilifurahi mpaka nikashindwa kupiga makofi. Lakini furaha haipimwi kwa mita. Kwa muda wa wiki kadhaa Gathogo aliruka na mimi nikapima, asubuhi na mchana, nikiwa nimepanga mawe yaliyopakwa chokaa kando ya njia. Mchana wa jua kali, ikiwa imejaa, na propela yake ya mbio, ilimeza karibu mita mia mbili kabla ya kuacha ardhi, tena pale kwenye lami, na ilipaa kwa uvivu. Nilichora kwa chokaa kwenye sakafu ya banda: kiwanja hapa, minazi hapa, ndege hapa. Mstari wa ndege ulipita katikati ya makuti.

Gathogo aliutazama mchoro ule siku nzima. Nilidhani atamrudia Bi Mwanakombo, au atamtafuta mtu mwingine wa msumeno, wa kuja alfajiri. Wako waliomshauri hivyo, na duka lake lilikuwa limejaa misumeno. Badala yake alikuja karakana, akasimama mbele ya ukuta wa Mzee Mutiso, akaniuliza spana ya propela ni ipi.

Tuligeuza pembe ikawa laini. Ile mia na themanini ikafa siku hiyo. Hata mia na sitini hakuipata tena, ikawa mia na arobaini ikisukumwa. Tukang'oa viti vya ngozi, tukarudisha vya turubai. Redio ikatoka na betri yake. Zulia likatoka. Mizani ikasema mia mbili sabini na tisa. Rangi hatukuweza kuibandua. Na dukani, walipomwuliza ile ndege ya mbio imefikia wapi, Gathogo alisema imeacha mbio, imeokoka. Hesabu zote hizo alizifanya mwenyewe, kwa penseli ya seremala, na mimi nilizikagua nikazikuta sawa.

Siku ya kuruka shambani kusi lilikuwa linavuma vizuri, likija usoni mwa ndege, na hilo husaidia. Nilisimika bendera nyekundu kando ya kiwanja. Nikamwambia Gathogo: magurudumu yasipoacha ardhi kabla ya bendera, zima, usibishane. Kumbukeni hili, nyinyi vijana: mahali pa kushindwa huchaguliwa kabla injini haijawashwa. Nusu ya Ukunda ilikuwa imekuja. Bi Mwanakombo alikuwa amekaa palepale shinani, na Ndoro amekwisha kuangua nazi zote ili isidondoke hata moja ikaleta maneno. Nilimsihi bibi asogee kando. Akasema kama mimi siamini hesabu zangu, niseme. Mama Njeri alikuwa amefumba macho, anaomba kwa Kikikuyu.

Ndege ikaja. Ikapita jiwe la kwanza, la pili, na nilijua kabla haijafika kuwa ni nzito. Ikafika kwenye bendera magurudumu yangali majanini. Gathogo akazima, akasimama mbali kabla ya mwisho. Watu wakashusha pumzi. Nilikimbia, nikafungua mlango, nikatazama nyuma ya kiti. Lilikuwapo zulia, limekunjwa vizuri, na juu yake ile redio na betri yake.

"Watu wamekuja wengi," akasema Gathogo, bila kunitazama. "Nilitaka ikae vizuri."

Nilivibeba mwenyewe mpaka kwenye minazi, kwa kuwa sikuwa na imani na mtu mwingine. Bi Mwanakombo akalipapasa zulia, akalikunjua, akalikalia.

"Mwambie," akasema, "kunguru hasafiri na mkeka."

Mara ya pili magurudumu yaliacha ardhi mapema, hatua kadhaa kabla ya bendera. Ndege ikainua pua. Nilikuwa nimesimama karibu na minazi, na nikaona matumbo ya magurudumu, na doa la mafuta ambalo nilisahau kulifuta, vikipita juu ya ule mnazi wa katikati, na nafasi iliyobaki ingetosha nusu ya mnazi mwingine. Kuti halikutikisika kwa ajili yake. Mama Njeri alifumbua macho akauliza kama imekwisha.

Abiria wa kwanza wa ndege ile alikuwa Bi Mwanakombo. Gathogo ndiye aliyemwalika, na alikuwa na sababu mbili, moja ya heshima na nyingine ya kilo, maana yule mama alipopanda mizani ya korosho hakufika hamsini. Alikubali, akasema anataka kuhakikisha kuwa kweli tunapita juu. Walizunguka mpaka kisiwa cha Funzi wakarudi. Aliposhuka leso ilikuwa imemlegea, akanishika mkono.

"Umeonaje, bibi?"

"Minazi yangu ni mifupi," akasema. "Mlikuwa mnapiga kelele za nini?"

Siku chache baadaye alikuja na mche wa mnazi uliochipua kutoka katika nazi ya ule wa katikati, akauweka mbele ya mlango wa Gathogo. Yafaa mjue uzito wake. Kwetu mgeni huachiwa alime mahindi, mihogo, maharage, vitu vya msimu mmoja. Mnazi haachiwi, kwa sababu mwenye mnazi haondoki. Hati Gathogo alikuwa nayo. Alichokuwa hajawahi kupata ni mtu wa pale wa kumwambia weka mnazi.

"Mahindi ni ya mtu anayepita," Bi Mwanakombo alimwambia. "Chimba hapo. Kando, si mbele ya kiwanja chako, usije ukanisumbua tena."

Gathogo alichimba shimo kubwa kiasi cha kuzika jokofu. Mama Njeri akamcheka, naye akacheka, lakini nilimwona akijifuta uso kwa mkono wenye udongo, na halikuwa jasho.

Aliruka miaka mingi, bila zulia. Macho yake yalipoanza kufifia akaiuza ndege kwa mtu wa Laikipia, na nasikia bado inaruka. Bi Mwanakombo amekwisha kutangulia, Mungu amrehemu, na minazi yake mitatu inaanguliwa na wajukuu zake. Duka wanalo watoto wa Gathogo. Mwishowe miguu yake nayo ikachoka kulifuata shamba, akaliuza kwa watu wanaotaka kujenga nyumba za wageni. Mimi nilifikiri hapo hadithi imekwisha, nikaendelea na kazi zangu mpaka nikastaafu.

Juzi, ufunguo wa kabati nimekwisha kuurudisha, simu ikalia. "Fundi, kuja shamba," akasema Gathogo. "Sasa hivi."

Nilimkuta amekaa shinani mwa mnazi wake, fimbo mapajani, juu ya kipande cha zulia ambalo wekundu wake ungeutambua kwa kubahatisha tu. Mnazi umekuwa mrefu, umebeba vizuri. Mbele yake alisimama kijana wa kampuni, shati jeupe, na nyuma ya kijana mtu mwenye msumeno wa injini. Kijana alikuwa na adabu, sitamsingizia. Alikuwa anaeleza kwa mara ya pili au ya tatu.

"Mzee, shamba ulituuzia wewe mwenyewe. Sahihi ni yako."

"Shamba niliuza," akasema Gathogo. "Mnazi sikuuza."

Kijana akanigeukia mimi, kwa kuwa nina mvi na nilikuwa nimesimama. "Mzee wangu, hii ni sheria gani?"

Nikamwelekeza kwa Gathogo kwa kidevu. Gathogo akamtazama kwa yale macho yake yaliyofifia, bila hasira, kwa huruma hasa.

"Wakati ulikuwa unanunua," akamwuliza, "hukuangalia juu?"